Tovuti Iliyorudishwa Mara Mbili

Nairobi,
7 Juni 1999

Kwa shangazi yangu, Senge Rodah,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na ng'ombe wako, na kwamba goti limepata nafuu sasa mvua zimeanza. Mimi huku sijambo. Watu wa Nairobi wanalia baridi na kuvaa makoti mpaka ndani ya ofisi, baridi ambayo kwetu mtu angefulia nguo nje. Dada yangu Chepchumba amejifungua mtoto wa kike huko Kabianga. Nadhani umeshasikia kanisani.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe na Baba hamsemezani, kwa hiyo siri yangu ikikufikia itakaa. Usikasirike, ndivyo ilivyo.

Tangu Januari nimetengeneza tovuti. Hizo ni kurasa zinazokaa kwenye kompyuta, na mtu aliye popote duniani mwenye kompyuta na laini ya simu anaweza kuzifungua akazisoma. Yangu inahusu chai ya kwetu, Kericho na Bomet. Kuna kampuni moja kule California ambayo ikiikubali tovuti yako inaweka matangazo ya wafanyabiashara pembeni, na mwenye tovuti analipwa. Niliomba. Kwa vile nilikuwa na hakika, nikamwandikia Baba kwamba nimepata kandarasi na Wamarekani. Wiki mbili baadaye kampuni ikajibu kwamba haijanikubali.

Baba unamjua. Ameshatangaza kanisani, ameweka tarehe ya sherehe ya shukrani, 18 Desemba, na fahali ameshachaguliwa. Nina miezi sita ya kuufanya uwongo wangu uwe kweli. Nikishindwa, mzee ataaibika mbele ya Litein nzima, na mimi sitakanyaga tena nyumbani.

Hawakueleza sababu vizuri. Nadhani hawatuamini kwa kuwa sisi ni Waafrika. Kwa hiyo nakuomba unitafutie barua ya chifu, yenye muhuri, iseme kwamba mimi ni mwenyeji wa huko, nina tabia njema na sijawahi kushtakiwa.

Mtoto wa ndugu yako,
Kiplimo


Litein,
29 Juni 1999

Kiplimo,

Salamu. Goti halipati nafuu kwa mvua, goti huuma kwa mvua. Ungekuwa umekaa na mtu mzima hata wiki moja ungejua. Ng'ombe wazima. Mtoto wa Chepchumba nimemwona, amechukua kichwa cha baba yako, maskini, na ni msichana.

Siku baba yako Noah aliposimama kanisani nilikuwa benchi la tatu. Alisema mwanawe ameandikwa kazi na Amerika yote. Mchungaji akapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo Amerika imemwandika kufanya nini. Mzee Mosoti aliyekaa mbele yangu aligeuka akaniuliza kama utamtafutia mjukuu wake viza. Watu wetu wakisikia neno Marekani, akili wanaiacha mlangoni pamoja na miavuli.

Barua ya chifu sitafuti. Chifu wetu anapiga muhuri chochote kinacholala mezani. Aliyeiba mtamba wangu mwaka juzi alikuwa na barua ya tabia njema, ya chifu huyo huyo.

Nisikilize. Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani chai, mwaka wa nane sasa. Nayakagua majani, nayapima, na yakiwa mabaya nayarudisha. Wakulima wamenililia, wamenitukana, mmoja aliniletea kuku. Lakini mtu kurudishiwa majani akakimbia kuleta barua ya chifu, hapo hata wao hawajafika. Anayerudisha ana sababu. Unaniandikia kwamba hawakueleza "vizuri". Hilo neno ndilo ninalolishuku. Ninakilie walichosema kama walivyokisema, usikipambe.

Senge wako,
Rodah


Nairobi,
22 Julai 1999

Senge,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vyema, na pole kwa goti, sasa nimeelewa. Mama ameniandikia kwamba majani yamekuwa mengi mwezi huu na kwamba yeye na Baba wanachuna mpaka Jumamosi. Chepchumba na mtoto ni wazima.

Barua ya chifu niliipata kwa njia nyingine. Usiniulize njia gani. Clifford Amolo, ninayefanya naye kazi hapa ofisini na ndiye aliyenifundisha kompyuta, aliipitisha kwenye mashine ya kunakili picha tukaituma, pamoja na barua ya mchungaji. Wamekataa mara ya pili. Wamejibu hivi, nimegeuza Kiswahili neno kwa neno: "Asante kwa barua mbili ulizotuma, ingawa hatukujua ni za nini. Tovuti yako ina kazi kidogo sana iliyo yako mwenyewe. Kurasa kadhaa ni tupu. Tena idadi ya wageni wako tunaitilia shaka. Unaweza kuomba upya ukirekebisha hayo."

Ni watu wa kudharau. Wamekaa huko kwenye viti vyao, chai yenyewe hawajui inatoka mti gani, lakini wanamwambia mtu wa Litein kwamba hajui chai. Nimekuchapia tovuti yote, kurasa kumi na moja, zimo ndani ya bahasha. Zisome uniambie kama mtu mwenye macho anaweza kuzikataa.

Mtoto wako,
Kiplimo


Litein,
14 Agosti 1999

Kiplimo,

Tuko wazima. Mvua ya mawe imepiga upande wa Sigowet lakini kwetu imeruka. Mama yako nilimwona sokoni, amekonda. Ndiyo hiyo Jumamosi uliyoiandika kama habari nzuri.

Kurasa zako nimezitandaza mezani nikazikagua kama ninavyokagua majani, kuanzia chini ya kikapu, kwa sababu mwenye la kuficha hulificha chini. Huko chini nimekuta kurasa nne zenye maneno "Ukurasa huu unajengwa", na chini yake mchoro wa mtu ameshika koleo. Huyo wa koleo ndiye mfanyakazi pekee niliyemwona katika tovuti yako yote.

Juu yake kuna historia ya chai. Nimeisoma mstari wa kwanza nikainuka nikaenda kabatini. Kijitabu ambacho wenye mashamba makubwa huwagawia wageni wao ninacho, nilipewa mwaka 1994. Umekinakili chote. Hata tarehe waliyokosea ukurasa wa sita umeikosea pamoja nao.

Halafu picha. Umeandika chini yake, "Wanawake wa Litein wakichuna chai." Kiplimo, hao wanawake wamevaa sari. Nyuma yao kuna minazi. Tangu uzaliwe umeona mnazi gani Litein? Umeipata kwa Wahindi au kwa nani sijui, na unawakasirikia watu wa California kwa kusema kazi si yako. Mimi ningekurudisha kabla hujashusha kikapu.

Lakini kilichonichefua ni ule ukurasa wa kuchuna. "Wanawake wenye furaha huimba alfajiri wakichuna majani mororo." Mama yako umemsikia akiimba wapi? Asubuhi majani yana umande wa baridi, na mtu anafunga gunia la mbolea kiunoni ili asilowe mpaka kwenye mifupa, na bado analowa. Saa nne vidole vimekuwa vyeusi na ngozi ya kando ya kucha imepasuka. Unachuna majani mawili na chipukizi lake, basi. La tatu ni gumu, na la tatu ndilo linalojaza kikapu haraka, kwa hiyo kila mtu anajua dhambi yake inakaa wapi. Wakifika kituoni wanamwaga kwenye meza wanachagua, wanatukanana kuhusu mipaka ya mashamba na waume. Kuna Bosibori, aliyeolewa kwetu kutoka Kisii. Huyo haweki majani magumu chini, maana anajua naanzia chini. Anayaweka katikati. Namheshimu kwa hilo, namrudisha kila wiki. Loli ya kiwanda ikichelewa, majani yanaanza kupata joto yenyewe, ukiingiza mkono ni kama ndani ya tumbo la ng'ombe, na watu waliochuna tangu asubuhi wanasimama pale wanaangalia siku yao ikioza. Hapo hakuna anayeimba.

Na baba yako hupita barabarani mbele ya kituo changu na kikapu mgongoni, akienda kuuza kituo cha pili, mwendo wa saa moja na nusu, asinisalimie. Miaka minane. Hiyo nayo ni chai ya Kericho. Hukuiandika.

Swali la mwisho. Hao wageni 6,212 walioandikwa ukurasa wa kwanza kwamba wametembelea minazi yako ni akina nani?

Rodah


Kwa anwani ya Clifford Amolo,
Nairobi,
30 Septemba 1999

Senge,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo. Nimefurahi kwamba mvua ya mawe haikuwafikia. Sasa barua zangu uzitume kwa anwani hiyo ya juu, ni ya Clifford, ni rahisi zaidi.

Nilikaa na barua yako siku nne kabla ya kuimaliza. Mara mbili niliitupa. Wewe unaweza kumvua mtu nguo kwa kalamu.

Wageni nitakwambia. Kampuni ilitaka tovuti iwe inafunguliwa mara elfu tano kwa mwezi. Mimi nikafanya wanavyofanya watu wetu mtu akipungukiwa. Niliitisha harambee. Vijana wa kwetu thelathini na wawili walikuja ofisini Jumapili tatu, mchana baada ya ibada, na kompyuta ni moja. Kipsang, mmoja wao, alikuwa mwenyekiti. Tulifungua kwa maombi, tukapanga foleni, na kila mtu akawa anaifungua tovuti na kuifunga, anaifungua na kuifunga, huku katibu akiandika nani ametoa mara ngapi. Waliofika mia walipigiwa makofi. Mimi moyo ulijaa, Senge. Niliona watu wangu wamenishika mkono.

Kumbe kampuni haioni watu, inaona mashine. Clifford ndiye aliyenieleza, baadaye. Kwao sisi sote thelathini na wawili tulikuwa mtu mmoja aliyechanganyikiwa, anayekaa siku nzima akifungua ukurasa wake mwenyewe.

Minazi nimeitoa. Nimefuta kila kitu, hata mtu wa koleo. Barua yako ya Agosti nimeigeuza Kiingereza nikaiweka, kuanzia kwenye umande mpaka kwa Baba anayepita. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Watu arobaini wameisoma, arobaini wa kweli, mmoja mmoja. Bwana mmoja wa Scotland ameandika kuuliza kama Bosibori alikamatwa tena.

Mtoto wako,
Kiplimo


Litein,
13 Oktoba 1999

Kiplimo,

Ng'ombe wazima. Mimi si mzima, nina hasira.

Uliiba kijitabu cha wenye mashamba, ulipokamatwa ukaja kuiba kwangu. Umeweka mambo yangu na ya ndugu yangu mahali ambapo mtu wa Scotland anayasoma akiwa na soksi miguuni. Sasa nikimwangalia Bosibori mezani nacheka, naye anadhani nimempenda.

Halafu umetuma nakala ya Kiingereza chako niione, na nimeona. Umeandika kwamba majani "yanapikwa" na joto. Hayapikwi, yanaungua ndani. Umeandika kwamba tunapima kwa "mizani ya kale". Si ya kale, ni ya kuning'inia, na inafanya kazi kuliko wewe. Kama ni lazima uibe, iba sawasawa. Nimekuandikia karatasi nane zaidi, zimo humu: siku ya loli kukwama matopeni, mama aliyejifungua kituoni kikapu kikiwa bado kwenye mizani, watu wa kutoka ziwani wanavyochuna kwa mikono miwili na sisi tunavyowaonea wivu tukiwacheka. Usidhani nimekuhurumia. Nimeandika kwa sababu ukiachwa peke yako utarudisha minazi.

Habari ya harambee sikuisoma mara mbili, aibu ilinishika. Kumwomba Mungu aibariki kazi ya kujidanganya. Mtu mmoja akileta kikapu kile kile mara sitini, mimi ningemwita muuguzi.

Jina langu lisionekane popote.

Naona anwani imebadilika. Sijakuuliza.

Rodah


Kwa anwani ya Clifford Amolo,
Nairobi,
10 Novemba 1999

Senge,

Natumaini hasira imepungua na goti pia. Mtoto wa Chepchumba amepata meno mawili. Baba ameniandikia barua ndefu kuhusu hema, viti mia tatu, vipaza sauti vya kukodi kutoka mjini, na wimbo ambao kwaya inajifunza. Hakuna mstari ambamo hakuandika neno "Marekani". Zimebaki siku thelathini na nane.

Niliwaandikia kampuni bila barua ya mtu yeyote, nikawaeleza nilichofanya, hata harambee. Wamenijibu kama watu. Wamesema wanataka kurasa kumi za kazi yangu mwenyewe, wazisome, waamue. Zako ni tisa. Nimewaambia zimeandikwa na shangazi yangu, wakasema haidhuru, mradi ameridhia. Nimebakiwa na ukurasa mmoja.

Nataka uandike kuhusu siku ulipomrudishia Baba majani yake.

Mama yake Clifford, Mama Ajwang, ndiye aliyekuwa akiuza maandazi na chai kando ya kituo chako mwaka 1991. Nilikuwa sijui mpaka nilipohamia kwao. Ndiyo, nimehamia kwao. Aliposikia wewe ni shangazi yangu akanisimulia. Wiki ile Mama alikuwa amelazwa. Baba alichuna peke yake siku mbili. Ulimrudisha mara tatu mbele ya watu wote, mara tatu akachagua upya, loli ikaondoka. Akayamwaga barabarani na watu wakacheka. Nilikuwa na miaka kumi na tano, niko shule ya bweni, na hakuna aliyeniambia. Nilidhani mligombania mpaka.

Umenichambua tangu Juni kama mtu asiye na kosa duniani. Nimevumilia kwa sababu ulikuwa unasema kweli. Sasa sema nyingine. Yale majani yalikuwa na nini?

Kiplimo


Litein,
24 Novemba 1999

Kiplimo,

Yalikuwa mazuri.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Kabla yangu hapakuwa na karani mwanamke. Wanaume walikuwa wanasema kila asubuhi, kwa sauti nisikie, kwamba sasa ndugu yake atauza hata nyasi. Siku hiyo mkaguzi kutoka kiwandani alikuwa amesimama nyuma ya mizani. Noah alipomwaga kikapu niliona mara moja kwamba hakuna aliyeleta majani kama yale mwezi mzima. Niliingiza mkono mpaka chini, nikatafuta, nikapata majani magumu mawili. Mawili tu, na kila mkulima ana zaidi ya hayo. Nikayainua juu watu wayaone. Nikasema, rudisha.

Aliporudi mara ya pili hayakuwamo hata hayo mawili. Nilikuwa nimeshasema mbele ya mkaguzi, nikaogopa kugeuka. Mara ya tatu hakuniangalia. Nilijua mkewe yuko hospitali, nilikuwa nimempelekea uji asubuhi ile.

Baada ya hapo hakuna aliyenisema tena kuhusu upendeleo. Nikapata jina la karani mkali asiyejua ndugu. Kwa jina hilo nimekula miaka minane, na wote niliowarudisha kwa haki niliwarudisha kwa nguvu ya jina hilo.

Huo ndio ukurasa wako wa kumi. Weka. Jina langu liandike, Rodah, karani. Watu wa huko hawanijui.

R.


Kwa anwani ya Clifford Amolo,
Nairobi,
4 Desemba 1999

Senge,

Sikujua nianze na salamu gani.

Niligeuza ukurasa wa kumi Kiingereza bila kubadili neno. Nimeuweka na nimeomba mara ya tatu. Jibu linaweza kuchukua siku kumi au mwezi. Likichelewa, tarehe 18 siji. Siwezi kusimama chini ya hema la Baba na mikono mitupu nikaimbiwa na kwaya. Bora wadhani basi limeharibika. Kazi pia sina. Ofisi ilinifukuza Septemba ilipofika bili ya simu ya zile Jumapili tatu. Nadhani ulishajua.

Nilitaka kukushukuru, nikashindwa, kwa hiyo nitasema ninachoweza. Umeniita mwizi, mwongo na mjinga, na nilistahili. Lakini mimi niliwadanganya watu walio mbali. Wewe hujamdanganya mtu wa mbali hata mmoja. Umeiambia California kabla hujamwambia mtu anayekaa ng'ambo ya kijito. Unaona moshi wa jiko lake kila asubuhi. Kwa karani mkali asiyeogopa mtu, hiyo ni kazi ya mwoga, na kama ingekuwa kikapu ungekirudisha.

Kiplimo


Nairobi,
20 Desemba 1999

Senge,

Wamekubali. Jibu limeingia leo asubuhi. Wanasema, "Tumesoma zote kumi. Karibu katika mpango wetu. Tafadhali mwambie Rodah kwamba ukurasa wa mwisho umesomwa kwa sauti ofisini kwetu."

Limechelewa siku mbili. Sikuja, nilikosa uso. Tangu Jumamosi najaribu kuwaza Baba alisema nini alipokuwa amesimama pale bila mimi, na sithubutu kumwandikia. Niambie wewe, hata kama ni vibaya.

Kiplimo


Litein,
29 Desemba 1999

Kiplimo,

Barua yako ilifika juzi. Ile ya tarehe nne ilifika tarehe kumi na sita, nikaisoma nimesimama. Nilikaa siku mbili nikitafuta la kukujibu, na lililokuja lote lilikuwa matusi ya mtu aliyepatikana na kosa.

Sherehe ilikuwa kubwa kama ujinga wenyewe. Watu mia nne kwenye viti mia tatu. Fahali aliliwa akaisha mapema, kwa sababu watu wetu wanashukuru Mungu kwa meno kwanza. Saa nane baba yako alisimama na maikrofoni akasema mwanangu yuko njiani. Saa tisa akasema yuko njiani. Saa kumi kwaya ilikuwa imeshaimba wimbo wako mara tatu, na Mosoti akauliza kwa sauti kama Amerika imemnyima ruhusa. Wakaanza kucheka, wale wale waliokuwa wanapangusa mafuta ya nyama yake midomoni. Noah akabaki amesimama. Alikuwa amevaa suti aliyoivaa harusi ya Chepchumba, na mkono wenye maikrofoni ulikuwa unashuka kidogo kidogo.

Kicheko hicho nilikijua. Mara ya kwanza nilikianzisha mimi.

Nikaenda mbele. Watu wakageuka kutazama, kwa sababu miaka minane hawajatuona sisi wawili karibu hivyo. Nikachukua maikrofoni nikasema kijana hajakubaliwa bado, amerudishwa mara mbili, na ana aibu ndiyo maana hakuja. Nikasema kurudishwa si kitu. Mwaka 1991 mimi nilimrudisha Noah mara tatu mbele yenu na mkacheka, na majani yake yalikuwa mazuri, mazuri kuliko ya mtu yeyote aliyeketi hapa, na nilijua. Nikasema nimelificha hilo miaka minane kwa sababu nilitaka mniogope.

Nilikuwa nimejiandaa anipige au aondoke. Alinikaribia mpaka maikrofoni ikamnasa na yeye, na Litein yote ikasikia alichodhani ananiambia peke yangu. Alisema, "Najua yalikuwa mazuri. Nilichuna mwenyewe."

Basi. Mimi ninayejua kumjibu kila mtu nililia mbele ya watu mia nne ambao nusu yao nimewarudishia majani mwaka huu. Mama yako akaja akanishika akanikalisha. Noah akawaambia wenye vipaza sauti wazime, wafungashe, watu waende nyumbani wakakamue ng'ombe.

Barua yako ya kukubaliwa nilimpelekea mwenyewe, nikavuka kijito kwa goti hili. Nikamsomea kwa Kiswahili. Akauliza kama hao watu wa California wamewahi kuchuna chai. Nikasema hapana. Akasema, "Sasa wao wamejuaje?" Kisha akaniuliza utakuja lini. Hakuuliza utakuja na nini. Kwa hiyo panda gari uje, na huyo Clifford uje naye pamoja na mama yake, nina la kumwambia Mama Ajwang.

Hao wa California watakutaka ukurasa wa kumi na moja, najua, watu wakionja hawaachi. Andika wewe, una mikono. Barua hii usiigeuze Kiingereza na usiiweke popote. Ni yetu sisi watatu, wewe, mimi na Noah. Wakikuondoa kwa sababu hiyo, wakuondoe.

Senge wako,
Rodah